Mtoto Niliyemnyamazisha Darasani

Siku ya kuniaga skulini, mwalimu mmoja kijana aliniuliza mbele ya sahani za kachori: "Bi Raya, ukitaka kuniachia jambo moja tu la kazi hii, utaniachia lipi?" Nilimwambia nitamwandikia. Mdomo wangu ulikuwa umejaa kachori, na kusema kweli sikuwa na jibu. Sasa ni mwezi wa tatu tangu nistaafu. Bado naamka mapema, naoga, navaa, nafunga mtandio vizuri, ndipo nakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri ila birika la chai. Kwa hiyo nimekaa mezani naandika.

Habari za vyeo sizitaji, maana havikunifika vingi. Za mishahara pia sizitaji, kila mwalimu anazijua. Nitasema habari za darasa la kwanza, kwa kuwa huko ndiko nilikokaa miaka yangu yote, kwa kupenda mwenyewe, ingawa wenzangu wengine waliona nimesahauliwa.

Skuli yetu ilikuwa katika nyumba kongwe ya ghorofa mbili ndani ya Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Ilijengwa kwa ajili ya tajiri na jamaa zake, si kwa watoto hamsini na nane wa miaka sita na saba. Darasa langu lilikuwa juu. Dirisha lake lilitazama kichochoro chembamba mno, hata jirani akikaanga samaki darasa zima linajua ni samaki gani. Siku ya kwanza nilikuja na somo nililoliandika kwa wino wa rangi tatu. Nikageuka kuandika herufi "a" ubaoni, chaki ikakatika. Nilipowageukia tena, watoto wawili walikuwa wanalia, mmoja amevua viatu, na mmoja anashuka ngazi anakwenda kwao. Kwao kulikuwa nyumba ya tatu. Hiyo ndiyo taabu ya skuli ya mjini: mtoto yuko darasani na huku anamsikia mama yake akigombana na muuza mboga.

Aliyeniokoa alikuwa Bi Shemsa, mwalimu wa darasa la pili, upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyekwisha kufundisha miaka mingi, na sauti yake haikupanda hata siku moja. Aliingia bila ya kuniuliza kitu, akakaa mkekani katikati ya watoto, akaanza kunong'ona. Alisema nini, sikusikia. Watoto nao hawakusikia, ndiyo maana wakanyamaza.

"Usishindane nao kwa kelele," aliniambia baadaye. "Wao hamsini, wewe mmoja. Watakushinda."

Ni yeye aliyenipa kamba. Ilikuwa kamba ya makumbi ya nazi yenye mafundo, kila fundo la mtoto mmoja, na kwa kamba ile tulikuwa tukiwatoa watoto nje, darasa zima, tukapita nao vichochoroni kama treni. Bi Shemsa aliamini kwamba mtoto wa mjini amezungukwa na maandishi kutwa nzima, ila hakuna anayemwambia kwamba yale ni maandishi. Basi tulisoma magunia ya unga na sukari kwenye maduka ya Darajani. Tulihesabu ngazi, mabaraza, na mita za umeme ukutani. Sentensi nzima ya kwanza ambayo darasa langu liliisoma peke yake, bila ya msaada wangu, ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa uchochoro mmoja: USIKOJOE HAPA. Waliisoma kwa sauti moja, kwa furaha kubwa, mbele ya mzee mmoja mwenye kanzu aliyekuwa amekaribia ukuta ule kwa haja zake. Alijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubadhi, yasiyo na kamba hata moja.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Mji ulikuwa umejaa watoto. Ukipita saa kumi alasiri, wakati wanatoka chuo cha Kurani na juzuu zao, hukosi kukanyagwa. Walicheza nage katika kila uwazi uliotosha watu watatu, na kibe, wakijificha na kutafutana, katika kila nyumba iliyoacha mlango wazi. Nikiwa sokoni nilisikia "Shikamoo mwalimu" kutoka madirishani, bila ya kumwona aliyesema, nami nikiitika "Marahaba" kwa dirisha.

Mwaka wangu wa sita aliletwa Mize.

Alikuwa na miaka saba, mtoto wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, aliyelelewa na bibi yake. Shangazi yake, Bi Kazija, aliyekaa mtaa wa Malindi hapa mjini na hakujaaliwa mtoto, alimchukua aje kusoma mjini. Mize aliingia darasani na hijabu nyeupe yenye mikunjo ya dukani, akakaa karibu na mtoto mmoja anayeitwa Zuwena, na kabla ya mapumziko walikuwa wameshagawana muhogo. Hakuwa na haya hata kidogo. Nilimpenda.

Kila asubuhi nilikuwa nikiwataka watoto watatu au wanne wasimame watupe habari za nyumbani kwao. Siku ya nne Mize alinyoosha mkono, akasimama, akasema kwa furaha, sauti yote:

"Paka wa shangazi kavyaa! Kavyaa watoto wanne, mmoja mweusi!"

Darasa likaangua kicheko. Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Mimi nami nilicheka. Si kwa sauti, lakini meno yalionekana. Kisha nikasema: "Sema kazaa, Mize. Hapa mjini tunasema vizuri."

Kwao Makunduchi hilo ndilo neno. Ni neno zima, la zamani, wala halina kosa. Hata sisi wa mjini tunawaita wazee "wavyele" na hatucheki. Haya yote niliyajua, nilisomeshwa chuo cha ualimu. Lakini nilikuwa mtoto wa mjini, niliyekulia kwenye kuamini kwamba Kiswahili kilianzia mlangoni kwetu na wengine wote wamekiazima.

Mize alikaa. Hakulia. Tangu siku ile hakufungua mdomo darasani.

Mwanzoni sikujali. Watoto hununa, kisha husahau. Nikiita majina, yeye alinyoosha mkono tu badala ya kusema "Naam". Nikimwambia asome, aliangalia kitabu. Aliandika vizuri, lakini hakusoma kwa sauti, hakuimba, hakuhesabu na wenzake. Huko nje walishampa jina. Walimwita Kavyaa. Nililisikia jina hilo kutoka dirishani, na kwa aibu nasema kwamba sikushuka ngazi kulizuia, nilikuwa nasahihisha mabuku. Ukapita mwezi wa kwanza, ukapita wa pili.

Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka. Alipita darasani, akamuuliza Mize jina lake, hakujibiwa. Akaniuliza mimi. Nami nikachukua karatasi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mtoto huyu ni mzito wa kufahamu, na kwamba mlezi wake ashauriwe kumrudisha katika madarasa ya chekechea. Nikaikunja, nikampa Mize mwenyewe aipeleke nyumbani.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Siku ya tatu alikuja Bi Kazija peke yake, amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Nshamrejesha kwao," alisema. "Kama mjini kunamfanya mjinga, bora akakae na bibi yake. Alipokuja hakuwa hivi, mwalimu. Alikuwa akisema mpaka nkimwambia, Mize, nipumzishe masikio."

Akaondoka. Bi Shemsa alikuwa amesikia yote kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuja, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya hapo.

"Uliandika nini kwenye karatasi ile?"

Nikamwambia.

"Mzito," alirudia. "Mtoto aliyesema mpaka masikio ya watu yakachoka. Raya, mdomo wake ulizibwa hapa. Umezibwa na nani?"

 Hakungoja jibu, alirudi darasani kwake, na kwa siku mbili hakunisemesha isipokuwa salamu. Usiku sikulala vizuri. Niliona wazi kwamba karatasi ile, mistari mitatu tu, ilikuwa imemaliza masomo ya mtoto. Bibi yake asingemleta tena, na mwalimu mkuu alikuwa amesema kwamba mwezi ukiisha jina lake litafutwa kwenye daftari.

Jumamosi nikapanda gari la Makunduchi.

Nyumba nilielekezwa bila ya shida. Ilikuwa ya mawe na udongo, na mbele yake mwani umeanikwa juani. Kabla sijafika uwanjani nilisikia sauti ya mtoto, nikasimama nyuma ya ua wa makuti. Sauti ile sikuijua. Ilikuwa kubwa, yenye mamlaka. Nikachungulia. Mize alikuwa ameshika ncha ya kamba ya mwani, na nyuma yake watoto sita wadogo wameishika, wanazunguka nyumba. Kila wakifika mahali anawasimamisha, anaonesha kitu, wanakitaja, anawahesabisha. Alipokuwa anataka wanyamaze, alinong'ona. Mtoto mmoja mdogo sana alikosea kuhesabu, akaruka sita. Mize alimwinamia, akamwambia arudie, wakarudia pamoja taratibu mpaka wakaifika.

Nilikuwa nimemwandika mtoto huyu mzito wa kufahamu, na kumbe alikuwa ameichukua skuli nzima kichwani akenda nayo kwao.

Nikatoka nyuma ya ua. Kwa kutaka kuwafurahisha, nikajaribu kuwasalimu kwa neno la Kimakunduchi nililofundishwa na mwanamke niliyekaa naye garini. Sijui nilisema nini. Najua kwamba nilidhani nawajulia hali, na watoto wote sita walijibwaga chini kwa kicheko. Masikio yaliniwaka moto. Mtu mzima, mwalimu, na bado nilitamani ardhi inifiche.

Mize hakucheka. Aliwageukia akawaambia:

"Msimcheke. Hajui tu."

Bibi yake alitoka na kunikaribisha mkekani. Alizungumza nami kwa Kiswahili cha mjini, polepole, kwa kunihurumia. Yeye alikuwa na lugha mbili, mimi moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. We ndo mwalimu?"

"Ndo mimi."

"Uloandika karatasi?"

"Ndo mimi."

Aliinua ncha ya mkeka, akaitoa karatasi yangu, akaiweka baina yetu. "Mimi kusoma sijui, nlisomewa. Nkauliza, mzito ndo nini? Mtoto huyu anajua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, na hakuna alomwambia. Kamba za mwani anafunga kuliko mama zake wadogo. Mzito kwa lipi?"

"Si mzito, bibi. Aliyekosa ni mimi. Alisema maneno ya kwao, wenzake wakamcheka, na mimi nikamcheka pamoja nao. Nimekuja kukuomba radhi, na kuomba arudi."

Aliikunja tena ile karatasi. "Umetoka mbali kuja kusema hivyo," alisema. "Lakini alochekwa si mimi. Mwulize mwenyewe."

Mize alikuwa amesimama pembeni, anakunja na kukunjua ile kamba. Nikamwomba radhi. Katika miaka yote ya kazi sijawahi kusema maneno mazito kwa mtu mdogo kiasi kile. Nikamuuliza kama atarudi.

"Nikirudi ntakaa wapi?" aliuliza.

"Utakaa mbele kabisa, karibu na mimi."

"Sitaki mbele. Nataka pale pale nlipokuwa, na Zuwena."

Wiki iliyofuata alirudi. Jumatatu asubuhi, kabla ya habari za nyumbani, nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba mwalimu wao alifanya kosa. Kimya kilichoingia hapo Bi Shemsa mwenyewe asingekipata kwa kunong'ona. Kisha nikachora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja nikaandika maneno ya mjini, na upande wa pili nikamwomba Mize ataje ya kwao. Alisita. Akataja moja, halafu la pili, halafu hakushikika. Zuwena akasema bibi yake ni wa Tumbatu naye ana maneno yake. Mtoto mwingine akaleta la Kipemba, na mwingine, ambaye babu yake alitoka bara, akaleta neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulitamka, yeye akiwemo. Ubao ulijaa. Jina la Kavyaa halikufa siku hiyo, nisidanganye, lakini kabla ya mwezi kwisha lilikuwa limechakaa na watoto wamelitupa.

Mkaguzi mmoja alikuja wakati ule, akautazama ubao, akaniuliza hilo ni somo gani katika mtaala. Nikamwambia Kiswahili. Akaandika kitu kwenye buku lake, sijakiona mpaka leo.

Mize akasema, akasoma kwa sauti, akaimba. Nami kwa mwaka ule wote nilimlinda kama yai. Akiandika vibaya, nilisema "vizuri, Mize." Akichelewa, sikumuuliza. Nilimpitisha darasa la pili kwa moyo mweupe, nikijua kwamba deni langu kwake nimelilipa.

Baada ya hapo miaka ilikwenda upesi. Bi Shemsa alistaafu, kisha akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mji ukaanza kupungua watoto. Nyumba moja ikageuzwa hoteli, kisha ya jirani yake, na jamaa zao wakahamia Fuoni, Bububu, Fumba, kwenye nafasi na maji ya uhakika. Siwalaumu. Lakini darasa lililokuwa na hamsini na nane likafika ishirini na tatu, na nikitoka na watoto kichochoroni, wageni wenye kamera walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Mmoja alitufuata mpaka sokoni akitupiga picha. Nikamwonesha fundo la kamba lisilo na mtoto, akalishika, tukaenda naye. Alijifunza kuhesabu mpaka kumi na mbili na aliaga kwa adabu.

Watoto wa miaka ya mwisho walikuja na Kiingereza cha katuni za kwenye simu. Wazazi wanawasemesha Kiswahili, wao wanajibu kwa sauti za sungura na bata wa Kimarekani. Waalimu wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilichora mstari katikati ya ubao.

Hilo ndilo nililokusudia kukuachia, mwalimu mwenzangu kijana, kwamba usimcheke mtoto kwa maneno aliyotoka nayo kwao. Nilikuwa nimeshaliandika na kuliwekea nukta. Lakini wiki mbili zilizopita nilipata mgeni.

Alibisha hodi asubuhi, mwanamke wa makamo kidogo, amevaa buibui na viatu vizito vya kazi. "Shikamoo mwalimu." Sauti niliitambua kabla ya sura. Mize sasa ni fundi umeme. Anafanya kazi kwenye nyumba mpya za Fumba, na huko huko ndiko anakokaa na mumewe na wanawe wawili. Alikuwa amesikia kwamba nimestaafu. Tulikunywa chai, tukaulizana za bibi yake aliyekwisha kufariki, na za Zuwena aliyeolewa Makunduchi, jambo lililotuchekesha sote wawili.

Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwambia kwamba lile jambo la darasani halikunitoka, na namwomba tena radhi, sasa akiwa mtu mzima.

"Lile nlishakusamehe siku ile ulipokuja kwetu," alisema. "Ulichekwa na wewe, tukawa sawa." Akazungusha kikombe chake. "Lilonikaa ni la baadaye."

"La baadaye lipi?"

"Baada ya kurudi hukunigomba tena, mwalimu. Zuwena akikosea, ulimrejesha aandike mara tano. Wote uliwarejesha. Mimi nkikosea, unaniambia vizuri. Nlikuwa najua si vizuri. Nkifika nyumbani nlikuwa nafuta mwenyewe, naandika tena."

Niliweka kikombe changu chini. Nikamwambia tu, "Nlikuonea huruma, mwanangu."

"Najua. Lakini huruma hata kwa shangazi nlikuwa naipata. Kwako nlitaka mwalimu."

Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama fundi anavyokuambia waya gani umekatika. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa karatasi mbili, akaziweka mezani. Ilikuwa barua ya kuomba nafasi ya kuendelea na masomo ya ufundi, ameiandika kwa mkono, mwandiko ule ule wa kulala upande wa kulia.

"Naipeleka kesho," alisema. "Nmekuja uniangalilie."

Nilivaa miwani, nikatafuta kalamu. Niliisoma mara ya kwanza yote, kisha nikaanza upya, neno kwa neno, yeye ameinama juu ya meza ananitazama mkono. Nilikuta makosa saba. Nikamwonesha yote saba, na ukurasa wa pili nikamrejesha auandike tena.